Mwezi Mpevu, Mbalamwezi na "Lenzi ya Simu"

Miongoni mwa miswada iliyoletwa mezani petu kwa ukaguzi wa lugha umo mmoja wa mafunzo ya upigaji picha, uliofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya vijana wa vyuo vya ufundi. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa ungali mswada na mfasiri wake anayo haki ya kuurekebisha kabla haujafika mbele ya watu. Nitaizungumzia sura moja tu, ile inayofundisha namna ya kupiga picha ya mwezi mpevu kwa lenzi ya kupigia vitu vilivyo mbali.

Kwa upande wa sarufi sura hiyo haina dosari kubwa. Upatanisho wa ngeli umezingatiwa, sentensi zinasomeka, na mfasiri hakukimbilia maneno ya kigeni pasipo haja. Hata hivyo, mwanafunzi atakayeyafuata maelezo yake neno kwa neno hatapata picha ya mwezi. Atapata duara jeupe tupu, mithili ya sahani iliyobandikwa juu ya kitambaa cheusi, naye ataidhania kamera yake kuwa mbovu. Kosa hilo limezaliwa na istilahi mbili, na ya pili nina sehemu yangu ya lawama.

Ya kwanza ni mbalamwezi. Kila penye mwezi mpevu mfasiri ameandika mbalamwezi, bila shaka kwa sababu neno hili ni tamu masikioni. Ni kweli kwamba katika mazungumzo, na zaidi katika ushairi, watu huliita gimba lenyewe mbalamwezi, wala hatuna mamlaka ya kuwakataza washairi. Lakini mtu anaposema kwamba watoto wanacheza kwenye mbalamwezi, hamaanishi kwamba wamepanda huko juu. Anamaanisha ule mwanga uliotanda uani. Kwa mpigapicha, gimba na mwanga wake ni vitu viwili vilivyo mbali kabisa.

Tutazame sababu. Uso wa mwezi unaangazwa na jua lile lile linaloangaza mitaa yetu mchana. Mawe yake ni meusimeusi, yanarudisha takriban sehemu moja tu ya kumi ya mwanga unaoyafikia, lakini ni mawe yaliyo juani. Kwa hiyo anayepiga picha ya mwezi mpevu anapiga picha ya kitu cha mchana, ijapokuwa yeye mwenyewe amesimama gizani. Kanuni ya mafundi ni nyepesi: tundu la lenzi liwekwe f/11, na kwa wepesi wa ISO 100 lenzi ifunguliwe kwa muda wa sehemu moja ya mia ya sekunde, au karibu na hapo. Ardhi iliyoangazwa na mbalamwezi ni habari nyingine. Mwanga wa jua hushinda ule wa mwezi mpevu kwa takriban mara 400,000, hivyo anayetaka picha ya minazi au paa la msikiti katika mbalamwezi hana budi kuiacha lenzi wazi kwa sekunde nyingi.

Sasa mswada wetu unamwelekeza mwanafunzi asubiri mbalamwezi iwake, aielekeze lenzi kwenye mbalamwezi, kisha aiache wazi kwa sekunde 20. Nadhani katika kitabu cha asili mlikuwa na maelezo ya namna mbili, ya mandhari na ya gimba, nayo yakachanganyika yalipovishwa jina moja. Tofauti kati ya sekunde 20 na sehemu moja ya mia na ishirini na tano ya sekunde ni mara 2,500. Zaidi ya hayo, kutokana na mzunguko wa dunia, mwezi husogea angani katika sekunde hizo 20 kwa takriban sehemu moja ya sita ya upana wake, hata duara lenyewe lisibaki duara. Sijapata kuona kisawe kimoja kikiharibu kazi kwa kiwango hiki.

Napendekeza basi kwamba katika maandishi ya ufundi mwezi mpevu libaki kuwa jina la gimba linapoonekana limeangazwa lote, na mbalamwezi libaki kuwa jina la mwanga wake utuangukiapo. Hakuna neno jipya linalohitajika hapa, ila nidhamu katika kuyatumia tuliyo nayo. (Mswada unaahidi pia kwamba milima ya mwezi huonekana vizuri zaidi usiku wa mwezi mpevu. Si hivyo, usiku huo jua linaupiga uso wa mwezi kutoka upande wetu, vivuli vinatoweka, na milima inalala kama imepigwa pasi. Hilo ni la mhariri wa taaluma, si langu.)

Istilahi ya pili ni lenzi ya simu. Mfasiri ameona kwamba telefoni ni simu, akaona telefoto, akafuata mkondo. Asili ya tele ni Kigiriki, na maana yake ni mbali, simu haimo. Zamani kosa hili lingechekesha tu. Leo linapoteza watu, kwa kuwa madukani zimo lenzi ndogo za kubana juu ya simu za mkononi, nazo ndizo lenzi za simu hasa. Kijana atakwenda kununua hizo.

Mwenyewe niliwahi kupendekeza neno kivutambali, nikafurahishwa nalo. Wapigapicha wetu husema lenzi ya kuvuta, nami nikaona nimelivika vazi rasmi neno la watu. Jioni moja nililichukua pendekezo hilo hadi ufukweni Oysterbay pamoja na mpigapicha mmoja mkongwe, maana siku ya mwezi mpevu mwezi huchomoza baharini karibu na wakati jua linapozama. Palikuwa na mashua imetia nanga karibu, nami nikamwomba anipigie mashua hiyo pamoja na mwezi, mwezi uwe mkubwa.

"Mzee, si uuvute tu?" nilimwuliza.

"Mwezi hauvutwi, mwanangu," alijibu. "Mashua ndiyo inayosogezwa mbali."

Alikuwa na hoja. Mwezi unachukua nusu digrii hivi ya anga, hata utembee ufuko mzima. Ukubwa wake katika picha hutokana na urefu wa fokasi ya lenzi peke yake: lenzi ya milimeta 50 huuchora kwa upana usiofika nusu milimeta kwenye filamu, na ya milimeta 600 kwa milimeta tano na nusu hivi, wakati kimo cha fremu ya kawaida ni milimeta 24. Lakini mashua yenye urefu wa meta 10, ikiwa umbali wa meta 110, ni ndefu kuliko upana wa mwezi mara kumi. Ikiwa umbali wa meta 1,100, zinalingana. Mwezi mkubwa nyuma ya mashua hupatikana kwa kujitenga na mashua, kisha lenzi ikateua kipande chembamba cha mandhari. Neno kivutambali linamfundisha mwanafunzi kinyume chake, kwamba asimame alipo na lenzi imfanyie kazi. Jioni ile tulikosa picha, kwa kuwa mashua haikuwa yetu kuisogeza, na sisi nyuma yetu palikuwa na barabara na nyumba za watu.

Kuna jambo jingine. Lenzi ya kuvuta ni jina linalostahili chombo kingine, yaani lenzi inayobadilisha urefu wa fokasi yake mkononi mwa mtumiaji. Hiyo ndiyo inayovuta na kurudisha, na wapigapicha wanaliitia jina hilo vile vile. Telefoto yaweza kuwa na urefu mmoja tu. Tena kwa tafsiri kali ya mafundi si kila lenzi yenye fokasi ndefu ni telefoto: jina hili ni la ile iliyoundwa hata umbo lake likawa fupi kuliko urefu wa fokasi yake, muundo ambao Thomas Dallmeyer aliuwekea hataza mjini London mwaka 1891. Kwa sababu hiyo hata lenzi ndefu, neno lililopendekezwa na mwenzangu mmoja ofisini, linagongana na chombo chenyewe.

Pendekezo langu ni lenzi ya masafa. Neno masafa tunalo katika mbio za masafa marefu. Linataja umbali bila kudai kwamba kitu kimevutwa. Lenzi ya kuvuta liachwe kwa ile yenye fokasi ya kubadilika, kama watu walivyokwisha kuamua. Mafundi wanaohitaji kuutaja muundo wa Dallmeyer peke yake watumie telefoto.

Mswada umerudishwa kwa mfasiri na maelezo haya, na kivutambali nimelifuta kwa mkono wangu katika orodha itakayopelekwa kwenye kamati. Bado hatujapata neno la kuridhisha la kile kilango cha kamera kinachofunguka na kujifunga, ambacho mafundi wanakiita shata. Wasomaji walio na neno linalotumika kwao wanaombwa walilete.