Kiatu cha Jukwaani Njiani

Katika dansi ya Ulaya iitwayo baleti hutumika kiatu laini kisicho na kisigino, kilichofanywa kwa sakafu ya jukwaa, wala si kwa mawe ya njiani. Ni nani basi aliyekitoa nje? Wakati wa Vita Kuu ya Pili ngozi ilipungua Marekani, hata mwaka 1943 viatu vikagawiwa kwa kipimo. Vya baleti havikuhesabiwa. Katika miaka hiyo Claire McCardell, mbuni wa mavazi, aliwataka mafundi wa Capezio wavitie soli ngumu. Mwaka 1956 Rose Repetto wa Paris akamshonea Brigitte Bardot, aliyejifunza baleti utotoni, kiatu cha jamii hiyo kiitwacho Cendrillon.

Sifa ya McCardell si kuiga, bali kugeuza: wepesi aliubakiza, udhaifu akauondoa. Waigaji wengi wa leo hawakufuata njia hiyo. Huuza utepe wa kufunga kifundoni, ambao jukwaani hushika kiatu mguuni, lakini njiani haushiki kitu. Mwenye kuazima vazi na aulize kwanza: huku kwetu litafanya kazi gani?