Kusoma uhandisi wa plastiki kwa mtandao: masomo ni mazuri, lakini mashini iko wapi?



Mwezi huu watu watatu wameniandikia swali moja: «Kaka, ile masomo ya plastiki ulisoma kwa mtandao, inafaa? Nijiandikishe?» Nitawajibu wote hapa mara moja, kwani jibu langu si ndiyo wala hapana, na bei niliyolipa haikuwa ya dola peke yake.

Kwanza mujue ni masomo gani. Uhandisi wa plastiki ni elimu ya kugeuza punje za plastiki kuwa kitu: beseni, bidoni, kizibo, bomba la maji, sindano ya hospitali. Unajifunza namna plastiki inayeyuka, namna inatiririka ndani ya mashini, namna inapoa, na kwa nini inapasuka. Kuko vyuo vinavyojulikana kwa kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell, kule Marekani, kinaifundisha tangu 1954, na leo kinatoa masomo ya juu kwa mtandao kwa wahandisi walio kazini. Ufaransa, INSA Lyon iko na tawi lake Oyonnax, mji unaoishi kwa viwanda vya plastiki. Na Leominster, mji wa zamani wa plastiki, hauko mbali na Lowell. Muangalie vizuri: masomo haya yalizaliwa kando ya viwanda. Hiyo neno mulishike, tutairudilia.

Mimi sikusoma ku vyuo hivyo viwili. Mwaka 2022 nilichukua cheti ku chuo kingine ambacho sitakitaja, nikiwa nafanya kazi ku karakana moja ndogo ya Bukavu. Tulikuwa tunasaga plastiki kuukuu na kutoa ndoo na mabeseni.

Nianze na uzuri, kwani upo, tena mwingi.

Wakati ule ndoo zetu zilikuwa zinapasuka. Mama ananunua leo, kesho kutwa anarudi nayo iko na ufa, na maneno yake yote ni ya kweli. Patroni alisema mashini imezeeka. Watu wa mashini walisema moto hautoshi, wakaongeza moto, plastiki ikaanza kuungua. Ku somo la tatu au la nne, profesa alieleza kila aina ya plastiki inayeyuka ku joto gani. Ile ya ndoo, polietilini, inayeyuka karibu nyuzi 130. Ile ya chupa za maji, PET, inangoja mpaka karibu 250. Mashini yetu ilikuwa inafanya kazi karibu ku 200. Basi kipande cha chupa kikiingia mule, hakiyeyuki: kinakaa ndani ya ukuta wa ndoo kama kijiwe ndani ya wali. Ufa unaanzia pale.

Asubuhi nilichukua pipa la maji, nikamwaga mule vipande vilivyosagwa. Polietilini ni nyepesi kuliko maji, ikaelea. PET ni nzito, ikazama. Tulikusanya chini ya pipa vipande vingi kuliko nilivyofikiri. Tangu siku ile tukaosha na kutenganisha kwanza, kisha kuyeyusha, na ndoo zilizorudishwa zikapungua sana. Pipa la maji, basi! Lakini bila somo lile ningeendelea kugombana na moto. Anayesema masomo ya mtandao ni ya kununua karatasi tu, huyo sikubaliane naye.

Sasa tuje ku ubaya.

Somo lingine lilitufundisha kanuni moja ya kupoa: ukuta wa kitu ukiwa mnene mara mbili, muda wa kupoa ndani ya kalibu unakuwa mara nne. Nikapima beseni letu: milimita 4. Nikapiga hesabu. Tukishuka ku 3, muda wa kupoa unakaribia nusu, na kwa siku tunatoa mabeseni mengi zaidi. Nilipata alama nzuri sana ku kazi ile. Nikampelekea patroni karatasi. Akasoma, akanitazama, akasema: «Injenieri, hesabu yako ni nzuri. Sasa nipe kalibu ingine.»

Kalibu yetu ilinunuliwa imetumika, chuma kimoja kizito kilichochongwa mbali. Unene wa beseni uliamuliwa na mtu mwingine, ku inchi ingine, zamani. Kubadilisha ni kuchonga chuma upya, na bei yake ilipita bei ya mashini yenyewe. Masomo yalikuwa yananizungumzia kama mtu anayechagua kalibu, anayeagiza punje mpya zenye karatasi ya vipimo, anayepeleka sampuli ku labo ya kampuni. Mimi niko na gunia la vipande vya rangi zote, vimetoka ku mitaro. Ku masomo yote niliyofuata, gunia lile lilipewa saa moja na nusu. Siwalaumu kwa ubaya: waliandaa masomo kwa mwanafunzi wanayemjua. Lakini kosa ni kuyauza kwangu kama vile mimi ni yeye.

Mwanafunzi wanayemjua, mara nyingi kampuni yake inamlipia. Anatoka kazini, anakula, anafungua kompyuta saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo, kwetu Bukavu ni saa sita ya usiku, na wakati wa baridi yao ni saa saba. Nilizoea. Kitu sikuzoea ni ile interogasio ya katikati ya muhula: dakika tisini, mlango unajifunga wenyewe. Umeme ulikatika ku dakika ya ishirini. Niliwaandikia kesho yake. Walijibu kwa heshima kwamba kanuni ni moja kwa wote.

Na munajua vizuri kitu kinachoziba bwawa letu la Ruzizi. Chupa na sashe zinatoka mitaani, zinaingia ziwani Kivu, zinasukumwa mpaka ku mashini za umeme, na mji unakaa gizani. Tuko na dekreti ya tarehe 30 desemba 2017 inayokataza sashe za plastiki, na bado sokoni unafungiwa nyanya ndani ya sashe. Inchi hii inahitaji watu wanaojua plastiki kuliko inavyohitaji dekreti ingine. Ndiyo maana swali lenu si dogo, na ndiyo maana sipendi lijibiwe na matangazo.

Neno lingine ni gumu kwangu kuandika. Patroni hakulipa. Nililipa mimi, kwa makuta niliyokuwa nimeweka kwa minervali ya mdogo wangu. Nilimwambia: mwaka huu ngoja, nikipata cheti mshahara utapanda. Mshahara haukupanda. Yeye alingoja mwaka mzima. Alirudi ku chuo, hajanitupia neno, lakini wenzake aliyoanza nao wako mbele yake.

Basi hukumu yangu ni hii. Ku jina la masomo haya, «kwa wahandisi walio kazini», neno muhimu si «mtandao». Ni «kazini». Hilo ndilo sharti la kweli la kuingia, hata kama hawaliandiki ku fomu. Kama uko na mashini karibu yako, na shida ambayo unaiona kila siku kwa macho, masomo yatakulipa hata ukichukua moja tu. Anza na moja. Usisaini programu nzima. Kama unaiona plastiki ku video tu, utatoka na maneno mazuri na mikono mitupu. Tafuta kwanza staji ku karakana, hata ya kusaga tu, miezi sita. Kisha ujiandikishe, kwa kuwa utakuwa na maswali ya kumuuliza profesa.

Na sisi kama chama tunaweza kufanya kitu. Tuchangie mmoja wetu alipiwe somo, kwa sharti kwamba kila wiki anakuja kutufundisha ku karakana, mbele ya mashini inayowaka. Mashini ya kusaga, mzani, pipa la maji: TP ya kwanza tunaweza kuifanya hata mwezi ujao. Wenye karakana wanaokubali kutupokea siku ya posho, waandike hapa chini. Na mtu aliyesoma masomo ya namna hii akaona tofauti na mimi, aandike pia, tujadili.