Nagona, Agaseke na Neno "Msuko"

Mwaka wangu wa kwanza hapa Bujumbura niliandika insha ya darasani nikidai kwamba Nagona ya Euphrase Kezilahabi haina msuko. Nilipata alama nzuri. Leo naona sikustahili alama zile, na aliyenifumbua macho hajawahi kuisoma Nagona. Ni mama mmoja jirani yetu mtaani Buyenzi, mzaliwa wa Gitega, anayetengeneza agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, kibarazani kwake.

Mimi ni mtoto wa Makunduchi, nimekulia juu ya ukili. Bibi yangu alichana miyaa, akaitia rangi, na vidole vyake vikasuka huku mdomo ukizungumza mambo mengine kabisa. Katika ukili kila mwaa hupanda juu ya mwenziwe kisha hushuka chini yake. Ukivuta mmoja, wote hujikunja. Kwa hiyo tulipofundishwa kwamba msuko ni namna matukio yanavyoshikana na kusababishana, nilielewa mara moja. Nilikuwa na mkeka kichwani.

Mkeka huo unaitosha kabisa Rosa Mistika ya mwaka 1971. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Woga unaozaliwa pale unamfuata Rosa shuleni na chuoni, na uhuru unapomjia hajui autumie vipi. Chomoa ukali wa baba, hadithi yote inafumuka. Nagona (1990) haikubali mkono wa namna hiyo. Msimulizi anasafiri, anakutana na wazee, anawakuta wanafalsafa akina Plato na Nietzsche, anatafuta kitu kisichoshikika. Sikuona tukio lipi limezaa lipi, nikaandika "haina msuko" kama mtu anayesema nyumba haina paa.

Kwa yule mama nilikwenda nikijigamba kwamba kusuka nakujua. Akacheka: "Haya mwanangu, tuone." Hapakuwa na miyaa ya kupandanisha. Palikuwa na kishada cha nyasi kavu na uzi wa kukiviringa. Unaanza katikati, kitovu kidogo kuliko kifungo cha shati, unazungusha, na kila hatua unatoboa mzunguko uliotangulia kwa uruhindu, chuma chembamba chenye ncha kama msharasi wa mshona viatu. Unapitisha uzi tunduni, unakaza. Nyasi zikikaribia kwisha unachomeka nyingine ndani, bila fundo. Wiki ya kwanza uzi wangu ulizunguka nyasi tu bila kushika mzunguko wa chini, na kikapu kikaachama. Mama alikifumua chote mbele yangu, hakusema neno, akanirudishia kitovu.

Nikampelekea bibi picha kwa simu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Hicho hukisuki, unakishona." Nikakumbuka kwamba hata kwetu ukili ndio unaosukwa, mkeka wenyewe hushonwa, kwa shazia. Uhakiki wetu umeazima "msuko" kwa wasusi. Umeazima "mfumo" kwa wafumi wa nguo, kazi ya zamani katika pwani hii ya Afrika Mashariki: Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alitaja nguo za mji ule zilizopelekwa hadi Misri. Lakini mshono tumewaachia mafundi cherehani.

Nimeirudia Nagona nikiwa na uruhindu mkononi, kama inafaa kusema hivyo. Yale niliyoyaita marudio ya bure sasa nayaona ni mizunguko. Swali la mwanzo halijibiwi, bali linarudi mahali papana zaidi, na linaporudi linapitia tundu la pale lilipoulizwa kwanza. Kinachoishikilia kazi hii si sababu na matokeo, ni huko kurudi. Na Mzingile iliyofuata mwaka 1991 imebeba jambo hilo katika jina lake, kwani mzingile ni njia zinazozungukana mpaka mtu akapotea. Jina lilikuwa juu ya jalada nami sikulisoma.

Wenzangu wameniuliza kama sasa kila riwaya isiyoeleweka itasamehewa kwa kuitwa kikapu. La. Mshono una ukali wake, pengine kuliko msuko, maana uzi usiotoboa huonekana: mwanga unapita. Badala ya kuuliza tukio hili limesababisha nini, mhakiki aulize limetoboa wapi. Nikiuliza hivyo, naona mahali ambapo Nagona yenyewe imeachama. Wanafalsafa wale wanapita kwa majina makubwa, na wengine kati yao, kwa macho yangu, wanazunguka nyasi tu. Ukiwaondoa, mzunguko wa chini hautikisiki. Hilo ni kosa la fundi, na ndilo nililopaswa kuliandika mwaka ule badala ya kumlaumu mshonaji kwa kutosuka.

Ila hapa pia sina haraka. Mama alipokagua kikapu changu cha pili alinionyesha mishono mitatu niliyodhani imekosa, kumbe ilishika kwa ndani. Sehemu ile ya wanafalsafa nimeisoma mara tatu tangu wakati huo. Bado natafuta tundu.