Nakshi Safi Huanza Kabla ya Kuchonga

Wapo wanaodhani kuwa mashine ya CNC imempunguzia seremala ufundi. Mchoro uko kwenye kompyuta, biti inazunguka, ubao unachongeka wenyewe. Dhana hiyo haidumu mbele ya biti ya V, ile yenye ncha iliyochongoka kama herufi V. Sijaona kifaa kinachoanika uzembe wa fundi kama hiki, na ndiyo sababu nakipenda.

Biti ya kawaida, iliyonyooka, haiwezi kuacha kona kali ya ndani, maana ni duara na kona yake hutoka duara. Itazame ile ya V ikichonga herufi A. Penye mguu mpana inazama. Mguu ukipungua, nayo inainuka. Ikikaribia kona inapanda taratibu mpaka ncha tupu ndiyo inayogusa uso wa ubao. Kona inatoka kali, utadhani imepitiwa na patasi. Mkato huo una asili ya mbali. Herufi za Nguzo ya Trajan kule Roma, iliyokamilika mwaka 113, zimechongwa hivyo kwenye marumaru: upande mmoja wa mfereji unapokea mwanga, wa pili unashika kivuli, na jicho linasoma. Nakshi ya V ni kazi ya kivuli, na kivuli hakijui kuficha kasoro.

Hesabu yake ni fupi. Kwa biti ya digrii 90, upana wa mstari ni kina chake mara mbili. Tuseme unataka mstari wa milimita 2. Ubao ukiinuka nusu milimita mahali, mstari pale utakuwa 3. Ukibonyea kiasi hichohicho, utabaki 1. Neno moja litaanza limenenepa na kuishia limekonda. Biti ya digrii 60 ina huruma zaidi, kwani kosa hilo hubadili upana kwa takriban milimita 0.6 tu, ila huchimba zaidi, hivyo huifaa herufi ndogo kuliko kibao kikubwa. Kosa dogo la usawa ni ufa: usipouziba utajenga ukuta.

Kwa hiyo kazi huanzia mezani. Pima maji haitoshi hapa, kwa kuwa ubao hautakiwi kulingana na maji bali na njia ya mashine yenyewe. Fundi hulaza juu ya meza ubao wa kuchakazwa, akaifunga biti pana na kuiacha mashine iurande wote. Juu yake ndipo huweka ubao wa kazi, uliokwisha kurandwa na kubanwa barabara usicheze wala kuinuka katikati. Kisha huteremsha ncha juu ya kipande cha karatasi, kidogo kidogo, huku akikivuta kwa kidole, mpaka karatasi ianze kukwama. Hapo ndipo ilipo sifuri ya kina.

Imebaki ncha. Biti hata ikizunguka kwa kasi gani, katikati kabisa ya ncha mwendo ni karibu sifuri, kwa hiyo pale haikati vizuri, inasugua. Ndiyo maana manyoya ya nyuzi za mti hupenda kukaa chini ya mfereji, hasa kwenye msonobari, mti wenye miduara laini na migumu inayopishana. Mninga mkavu una adabu zaidi. Dawa ni biti kali, koleti (kibanio cha biti) isiyo na vumbi ili biti isiyumbe, na kupita mara mbili: mara ya kwanza ubakize sehemu ndogo ya milimita, mara ya pili unyoe hiyo iliyobaki. Ukipaka vanishi nyepesi ikakauka kabla ya kuchonga, nyuzi za juu hukaza na kingo hazichaniki. Msasa uwe wa mwisho na uwe mwepesi, la sivyo utazila kingo ulizozihangaikia.

Hakuna katika hayo ambalo wachonga milango wa Lamu na Unguja wasingelitambua: mti ulionyooka, chuma kikali, mkono usio na pupa. Basi wewe unayetamani mashine kubwa zaidi kwa sababu herufi zako zinatoka na manyoya, ngoja kwanza. Randa meza, badilisha biti, pima upya. Fedha ya mashine mpya inunulie mbao nzuri.