Kubadili Kalibu kwa Dakika Tatu

Mlango, boneti na paa la gari huanza kama bati bapa. Presi hulibana bati hilo kati ya nusu mbili za kalibu, likatoka na umbo lake. Kila kipande kina kalibu yake. Kwa hiyo kiwanda kinapomaliza milango na kutaka maboneti, hubidi kalibu ya kwanza ifunguliwe na ya pili ifungwe. Muda wote huo presi imesimama.

Mwaka 1969, katika kiwanda cha Toyota nchini Japani, kubadili kalibu ya presi ya tani 1,000 kulichukua saa nne. Ikiwa kila badiliko linakula nusu ya siku ya kazi, msimamizi hukwepa kubadili: kalibu ikishafungwa, hupiga maelfu ya milango na kuirundika ghalani. Upotevu huanzia hapo. Kalibu ikiwa na ufa mdogo, ufa huo hujichapa kwenye kila kipande, na huenda usigunduliwe hadi mafundi wa kuchomelea watakapoifikia milango hiyo siku kadhaa baadaye. Kufikia hapo fungu zima limekuwa chuma chakavu, wala hakuna anayekumbuka hitilafu ilianza saa ngapi.

Mhandisi Shigeo Shingo, aliyeitwa kusaidia, alikuwa amelichunguza tatizo hili tangu mwaka 1950 katika kiwanda cha Toyo Kogyo, watengenezaji wa Mazda, mjini Hiroshima. Huko alimwona fundi akihangaika zaidi ya saa nzima kutafuta bolti moja iliyopotea. Mwishowe fundi alichukua bolti ndefu ya mashine ya jirani, akaikata na kuichonga meno upya, huku presi ikingoja. Kisa hicho kilimwonyesha Shingo kwamba kazi za kubadili kalibu ni za aina mbili. Kuna zile zisizoweza kufanyika mpaka presi isimame, kama kuitoa kalibu yenyewe, na kuna zile zinazoweza kufanyika presi ikiendelea kupiga: kutafuta bolti, kupanga spana, kuisogeza kalibu mpya karibu.

Toyota walianza kwa kuzitenganisha kazi hizo, na baada ya miezi sita saa nne zilikuwa zimeshuka hadi dakika 90. Uongozi ulipotaka dakika tatu, kutenganisha peke yake hakukutosha. Ilibidi kazi za presi iliyosimama zigeuzwe kuwa za presi inayofanya kazi, na zile zilizobaki zirahisishwe.

Bolti ni mfano mzuri. Yenye meno 15 huzungushwa mara 15, ilhali mzunguko wa mwisho pekee ndio unaokaza. Mizunguko 14 ya kwanza ni jasho la bure. Dawa mojawapo ni tundu lenye umbo la pea: kichwa cha bolti hupita upande mpana, kikasukumwa upande mwembamba, kisha mzunguko mmoja ukamaliza kazi. Kalibu zenye vimo tofauti hutiwa vipande vya chuma chini ili zilingane, hivyo vibano vilevile vikazifaa zote.

Faida kubwa zaidi ilikuwa katika kurekebisha. Kwa hesabu ya Shingo, karibu nusu ya muda wa kubadili kalibu kwa njia ya zamani ilikwisha katika majaribio: kupiga bati, kupima, kusogeza kidogo, kupiga tena. Mabati hayo ya majaribio huishia kutupwa. Kalibu inapoegemezwa kwenye vizuizi vilivyopimwa mapema, hukaa mahali pake mara moja, na kipande cha kwanza huweza kutoka kikiwa kizima.

Baada ya miezi mitatu mingine, dakika 90 zilikuwa zimekuwa tatu. Hata hivyo, muda uliookolewa hauleti tija kama utatumika kupiga milango mingi zaidi ya ile inayohitajika. Hutakiwa utumike kubadili kalibu mara nyingi zaidi, ili mafungu yawe madogo. Fungu dogo hufika kwa mchomeleaji siku ileile. Dosari ikionekana, vipande vya kutupwa ni vichache, kalibu bado ipo kwenye presi, na aliyeifunga bado yupo zamu.