Veda: Neno Lililosikiwa na Kitabu cha Max Müller

Katika kufundisha dini linganishi tumezoea kuziita Veda "maandiko ya Wahindu". Mazoea hayo tumeyapokea hasa kwa wataalamu wa Ulaya wa karne ya 19, ambao mkuu wao ni Friedrich Max Müller, Mjerumani aliyefundisha Oxford. Chapa yake ya Rigveda, pamoja na ufafanuzi wa Sayana, ilitoka katika majuzuu 6 kati ya 1849 na 1874. Ni kazi ya kustaajabisha, hasa kwa mtu asiyefika India hata mara moja. Lakini je, alichokichapa ndicho Wabrahmani walichokiita Veda?

Wao huiita shruti, yaani kilichosikiwa. Nyimbo 1,028 za Rigveda, katika Kisanskriti cha kale, zilihifadhiwa kwa kinywa karne nyingi. Katika hati zake zilizotunzwa Pune, ya kale kabisa ni ya mwaka 1464 tu. Mwanafunzi hakusoma, alirudia. Katika ukariri uitwao ghana, maneno husemwa mawili mawili na matatu matatu, mbele na kinyumenyume, hata kosa la silabi moja lisipate pa kujificha. Müller alilijua hilo, naye alilieleza katika mihadhara yake ya Cambridge ya 1882; wasomaji wake walishika kitabu, wakasahau kinywa.

Sisi Walutheri tungepaswa kulitambua upesi, maana Luther aliihesabu Injili kuwa kwanza ni habari inayotangazwa kwa sauti. Hata hivyo hatuwezi kuisifu shruti bila kizuizi. Kinywa kile kiaminifu kilikuwa na mlango uliofungwa: Dharmasutra ya Gautama yaagiza Mshudra anayeisikiliza Veda kwa makusudi amiminiwe bati iliyoyeyushwa masikioni. (Kama agizo hilo lilitekelezwa ni suala jingine, kutungwa kwake kwatosha kutuhuzunisha.)

Hapo ndipo tunapompa Müller na wenzake haki yao. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka la Wamahar, alinyimwa Kisanskriti shuleni, akasoma Kiajemi badala yake. Mwaka 1946 alitoa kitabu juu ya asili ya Washudra, akauhoji wimbo wa 90 wa kitabu cha 10 cha Rigveda, usemao Mshudra alitoka miguuni pa Purusha. Alikiri wazi kwamba alitegemea tafsiri za Kiingereza zilizokwisha kuchapwa.