"Tepu", "Utepe" na Haja ya Kutaja Kazi

Miongoni mwa majina ya vifaa yatumikayo sana na kufafanuliwa kidogo ni "tepu". Katika maduka ya Mbulu, Dongobesh, Haydom na Katesh, kama ilivyo kwingineko nchini, neno hili moja hubebeshwa vitu visivyofanana: utepe wa kufungia maboksi, utepe wa fundi umeme, utepe mweupe wa fundi bomba, na hata kipimo cha seremala. Dukani hapana hasara, kwani mnunuzi hunyoosha kidole. Hasara huanza neno liingiapo katika maandishi. Karani akiandika "tepu 20" katika orodha ya manunuzi, mwenye kuleta mali ndiye atakayeamua maana.

Wilaya za Mbulu na Hanang zinatufaa kuwa mfano. Wairaqw husema lugha ya Kikushi, Wadatoga lugha ya Kinailoti, Wanyiramba lugha ya Kibantu, na Wahadzabe wa Yaeda lugha ambayo nasaba yake na nyingine haijathibitishwa. Wote hukutana katika Kiswahili. Kwa hiyo maelekezo ya Kiswahili hayana budi kujitosheleza yenyewe.

Tukichunguza kazi za wafasiri, twaona mielekeo miwili. Wa kwanza ni kuandika "selotepu" kwa kila kitu. Neno hili limetokana na Sellotape, jina la kibiashara lililoanza Uingereza mwaka 1937. Kwa utepe mwangavu wa ofisini hatuna ugomvi nalo; limekwisha kuwa mwenyeji. Ubaya ni kulipeleka kwenye nyaya. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, umeme umezidi kusambaa vijijini, na mafundi wanafundishwa kwa Kiswahili. Utepe wa umeme hufanywa kwa plastiki inyumbukayo, iliyokusudiwa kuzuia umeme usipite. Utepe wa ofisini haukufanywa kwa kazi hiyo, na baada ya muda hukauka na kubanduka. Mwongozo usemao "funika waya kwa selotepu" una kosa la istilahi liwezalo kumwua mtu.

Mwelekeo wa pili ni kusema "utepe wa gundi" na kuishia hapo. Jina hili lafaa kwa jamii nzima ya tepe zinatazo, lakini lina kasoro mbili. Kwanza, utepe wa fundi bomba hauna gundi kabisa. Huzungushwa kwenye meno ya bomba ili kiungo kisivuje. Pili, jina hilo halisemi kazi. Utepe wa karatasi wa wapaka rangi, uliobuniwa na Richard Drew wa kampuni ya 3M huko Marekani mwaka 1925 kwa ajili ya kupaka magari rangi mbili, sifa yake ni kubanduka bila kung'oa rangi. Utepe wa maboksi sifa yake ni kung'ang'ania. Vyote viwili ni "utepe wa gundi", na mwenye kubadilisha kimoja kwa kingine ataharibu ukuta.

Wapo wapendekezao "ukanda". Hatuafiki, kwani neno hilo limekwisha kupewa mavazi, maeneo ya nchi na kanda za muziki.

Twapendekeza kanuni moja: "utepe" litangulie, kazi ifuate. Hivyo tungekuwa na:

(a) utepe wa ofisi, au selotepu;
(b) utepe wa umeme;
(c) utepe wa kufungashia;
(d) utepe wa kukingia rangi;
(e) utepe wa mabomba.

Kile cha kubandika bandeji mwilini kiendelee kuitwa plasta, na kipimo kiendelee kuitwa futikamba. Majina hayo yanajulikana, na kuyabadilisha ni kupoteza kazi iliyokwisha kufanywa na watu.

Huenda ikasemwa kwamba mafundi wataendelea kusema "tepu". Na waseme, mazungumzo yao yana kifaa mkononi. Sisi twazungumzia kitabu cha ufundi, hati ya manunuzi na karatasi ya mtihani. Mfasiri anayesita na amsomee fundi sentensi yake bila kumwonyesha kitu. Fundi akichukua utepe unaotakiwa, istilahi imetosha; akiuliza "upi?", kazi ya kutafsiri haijamalizika.